Masomo ya Flash hayafunguki tena: yafufuliwe, au yaandikwe upya?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika sekondari moja hapa Morogoro. Mwalimu mwenzangu aliyestaafu ameniachia folda ya masomo ya kompyuta aliyoyatengeneza mwenyewe kwa Macromedia Flash 8: pendulamu, mawimbi, saketi za umeme, na maswali ya kujipima. Mengi ni mafaili ya .swf (somo lililokamilika), machache yana .fla yake (faili asilia la kuhariri), na kuna mengine ya .exe. Chrome inakataa kuyafungua. Kuna tovuti inanipa Flash Player "toleo jipya", je, niipakue? Na kwa kuwa CD ya Flash 8 ninayo, nijifunze niendelee kutengeneza masomo mengine, au nianze na kitu tofauti? Wanafunzi wengi wanatumia simu za wazazi wao.

Jibu: Mwalimu, habari za Morogoro. Nianze na lile la haraka: hiyo Flash Player usiipakue, na kama umeshaipakua ifute bila kuifungua, kisha uipitishe kompyuta kwenye antivairasi. Adobe, kampuni iliyoinunua Macromedia, waliacha kuihudumia Flash Player tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 programu yenyewe, hata ile iliyokuwa imeshasakinishwa, ilipangwa ikatae kucheza chochote. Wanaoendelea kupata huduma ni makampuni yanayoilipia kwa HARMAN, kampuni iliyokabidhiwa kazi hiyo na Adobe, si mtu anayeitafuta Google. Kwa hiyo anayekupa "toleo jipya" anakupa kitu kingine chenye jina hilo. Hata Flash ilipokuwa hai, tangazo la "Flash Player yako imepitwa na wakati, bofya hapa" lilikuwa mtego uliowanasa wengi. Leo mtego huo hauna hata kisingizio.

Sasa folda yako. Sehemu kubwa ya masomo hayo itafunguka tena bila wewe kuandika mstari wowote wa msimbo. Lakini itafunguka vizuri kwenye kompyuta yako, si kwenye simu za watoto. Ndiyo maana nakushauri usijipe kazi ya kuyafufua yote. Yafungue, yaangalie, uchague machache yanayostahili kuandikwa upya kwa lugha ambayo simu inaielewa yenyewe, na mengine uyaache yabaki kumbukumbu.

Kabla ya kufika huko, ni vizuri ujue kilichoiua Flash, kwa sababu hicho hicho ndicho kitakachokuonyesha ujifunze nini.

Katikati ya miaka ya 1990 kivinjari kilikuwa kinajua kuonyesha maandishi, picha na fomu, basi. Netscape wakaweka utaratibu ulioitwa NPAPI: ukurasa unatenga eneo la mstatili, na kivinjari kinalikabidhi eneo hilo kwa programu-jalizi, yaani programu ya nje iliyosakinishwa kwenye kompyuta. Ndani ya mstatili huo programu-jalizi ilichora yenyewe, ilisikiliza mausi yenyewe, ilicheza sauti na kuwasiliana na seva yenyewe. Ilikuwa kama mpangaji mwenye mlango wake wa uani: mwenye nyumba hajui nani kaingia wala nani katoka. Kwa utaratibu huo tulipata applet za Java, Shockwave, Flash, Unity Web Player, na mwaka 2007 Microsoft wakaleta Silverlight yao. Na tusiwe wanafiki, zilifanya mambo ambayo kivinjari kisingeyaweza. Mwaka 2008 NBC ya Marekani ilirusha michezo ya Olimpiki ya Beijing mtandaoni kwa Silverlight. Yule mwalimu wako aliyechora mawimbi yanayotembea kwa Flash 8 wakati ule hakukosea hata kidogo; hapakuwa na chombo kizuri kuliko hicho kwa mtu anayefanya kazi peke yake.

Ila programu-jalizi iliendeshwa kwa mamlaka ya mwenye kompyuta. Tundu lolote ndani ya Flash lilikuwa tundu kwenye mashine nzima, na matundu hayakuisha. Kisha simu zikaja. iPhone ya 2007 haikuwa na Flash na haikuipata kamwe. Aprili 2010 Steve Jobs akaandika barua ya wazi kueleza kwa nini, akitaja usalama, betri, na vitufe vilivyotengenezwa kwa mausi. Android iliipokea, lakini Agosti 2012 Adobe waliiondoa kwenye Google Play. Chrome ikafunga NPAPI kabisa Septemba 2015, Firefox ikafuata Machi 2017 ikiibakiza Flash peke yake, na Silverlight ikaachwa tarehe 12 Oktoba 2021. Wapo waliokutwa hawajajiandaa: Januari 2021 mamlaka ya mapato ya Afrika Kusini ililazimika kutoa kivinjari chake maalumu ili walipakodi waendelee kujaza fomu chache zilizokuwa bado za Flash.

Hapo chukua kanuni moja ya kazi yako. Somo lolote linalomtaka mwanafunzi asakinishe kitu kwanza, kaa nalo mbali.

Tuingie kwenye folda. Usiamini jina la faili. Lifungue kwa Notepad uangalie herufi za mwanzo tu, mengine yatakuwa vurugu. Ukiona FWS, ni faili la Flash lisilobanwa. CWS au ZWS ni la Flash lililobanwa. Ukiona MZ, hilo ni programu ya Windows, na hapo una bahati usiyoijua: zile .exe kwa kawaida ni masomo ambayo Flash Player imefungiwa ndani yake, hayategemei kivinjari, na mengi bado yanafunguka kwa kubofya mara mbili hata leo. Yapitishe antivairasi kwanza, maana .exe zilizozunguka miaka kwenye flash disk za shule huwa zimebeba abiria. Na ukikuta faili la .swf linaanza na <!DOCTYPE, aliyelipakua alihifadhi ukurasa wa tovuti badala ya somo, hilo lifute.

Kwa .swf tumia Ruffle. Ni programu huria inayoiga Flash Player, imeandikwa kwa lugha ya Rust, na Internet Archive wamekuwa wakiitumia tangu Novemba 2020 kuonyesha michezo na katuni za zamani. Inapatikana kwa sura mbili. Kuna ya kompyuta, unaifungua na kuichagulia faili lako, ndiyo uanze nayo leo jioni ili ujue una nini. Na kuna ya tovuti, ambayo inaendeshwa ndani ya kivinjari kwa WebAssembly. WebAssembly ndiyo imechukua nafasi ya ule mstatili wa zamani, ila safari hii programu inabaki ndani ya uzio wa kivinjari na haigusi kompyuta. Ya tovuti unaiweka kwenye folda ya somo, kisha ukurasa wenyewe unakuwa hivi:

```
<!DOCTYPE html>
<meta charset="utf-8">
<script src="ruffle/ruffle.js"></script>
<embed src="pendulamu.swf" width="800" height="600">
```

Ukibofya ukurasa huo mara mbili moja kwa moja kutoka kwenye diski, huenda usione kitu. Anwani itakuwa inaanza na file://, na vivinjari vinakataa kupakia mafaili ya WebAssembly kwa njia hiyo. Unahitaji seva, hata ndogo kabisa. Kama una Python kwenye kompyuta, ingia kwenye folda kwa dirisha la amri uandike:

```
python -m http.server 8000
```

Kisha fungua localhost:8000. Windows ikiuliza kuhusu ukuta wa moto, ruhusu mtandao wa binafsi. Ukiwa na ruta ndogo, hata isiyo na intaneti, kompyuta na simu za darasa zikiunganishwa humo zitaliona somo kwa kuandika anwani ya kompyuta yako, ile inayoonekana ukitumia amri ya ipconfig, ikifuatiwa na :8000.

Una bahati nyingine. Flash 8 ya mwaka 2005 ilitumia ActionScript (lugha ya msimbo ya Flash) ya zamani, toleo la 1 na la 2. ActionScript 3 ilikuja mwaka 2006 na ina injini tofauti kabisa ndani yake. Ruffle inaziweza zile za zamani vizuri kuliko ya 3. Kwa hiyo masomo ya mwalimu wako mengi yatacheza. Yatakayosumbua nakutajia mapema: sauti haitaanza mpaka mtumiaji abofye mahali, kwa sababu vivinjari vya leo haviruhusu ukurasa upige kelele bila ruhusa, maandishi yaliyotegemea fonti za kompyuta ya zamani yanaweza kubadilika sura, na maswali ya kujipima yaliyotuma alama kwenye seva fulani yatakwama pale pale, maana seva hiyo haipo.

Kwenye simu ndiko utakakokata tamaa. Ruffle yenyewe inaendeka, lakini somo lilipangwa kwa skrini ya pikseli 800 kwa 600 na mausi. Kitufe ambacho kidole hakikipati, maelezo yanayotokea pale tu mausi inapopita juu yake (kidole hakipiti juu, kinagusa tu), maandishi ya ukubwa wa sisimizi. Haya hayarekebishiki kutoka nje.

Ndipo inapokuja kazi ya kuchagua, na hapa nina msimamo ambao huenda usiupende. Pendulamu usiiandike upya. Uzi na nati ya baiskeli vinafundisha pendulamu kuliko skrini yoyote, tena mtoto anajifunza kukosea kuhesabu, ambalo ni somo la maabara lenyewe. Kompyuta iwekee mambo ambayo jicho halioni au shule haina: mawimbi mawili yanayokutana, uga wa umeme, chembe za gesi zinazogongana, mwendo wa elektroni kwenye waya. Kama somo la zamani linaonyesha kitu ambacho unaweza kukifanya mezani kwa shilingi elfu mbili, liache likae kwenye folda.

Hata hivyo nitatumia pendulamu hiyo hiyo kukuonyesha jinsi ya kuhamisha somo, kwa sababu hesabu zake unazijua kichwani na kosa utaliona mara moja.

Kwanza toa mali iliyomo. JPEXS Free Flash Decompiler ni programu ya bure, inafungua .swf, hata iliyofungiwa ndani ya .exe, na kukuonyesha kila kitu: michoro, sauti, picha, na msimbo wa ActionScript. Michoro unaitoa kwa SVG, sauti kwa MP3. SVG ni muhimu, kwa sababu michoro ya Flash ni ya vekta, yaani imeandikwa kama mistari na maumbo badala ya nukta za rangi, na SVG inaibakiza hivyo: haichakai ukiikuza, na mara nyingi ni nyepesi kuliko picha. Masomo yenye .fla unaweza kuyafungua kwa Flash 8 yako, kama itakubali kusakinika, ukasoma msimbo ukiwa na maelezo ya mwandishi. Kazi hiyo ndiyo pekee ninayoipa hiyo CD. Usitengeneze nayo somo jipya.

Ukishafika kwenye msimbo, kwenye somo la aina hii utakutana na kitu kama hiki:

```
onClipEvent (enterFrame) {
    kasi -= 0.017 * Math.sin(pembe);
    pembe += kasi;
    _rotation = pembe * 180 / Math.PI;
}
```

Mtu akiona 0.017 anadhani ni namba ya kubahatisha. Angalia vizuri: ni 9.81 gawanya kwa 576, na 576 ni 24 mara 24. Mwandishi alikuwa na kamba ya mita 1 na filamu ya fremu 24 kwa sekunde, akazimeza zote mbili ndani ya namba moja. Ndivyo ilivyokuwa desturi kwenye Flash. Muda haukupimwa kwa sekunde. Ulipimwa kwa fremu. Kila fremu ikipita, hatua moja ya hesabu inafanyika.

Mtu asiyejua hilo akiuchukua msimbo huo kama ulivyo na kuutia kwenye requestAnimationFrame ya JavaScript (lugha ya msimbo ya vivinjari; amri hiyo huita hatua ya hesabu kila skrini inapochora), pendulamu itaenda mbio ya ajabu. Skrini nyingi huchora mara 60 kwa sekunde, siyo 24, hivyo bembeo lililochukua sekunde 2 litachukua sekunde 0.8. Simu mpya yenye skrini ya 120 italimaliza kwa 0.4. Darasa zima lina fizikia tofauti kulingana na bei ya simu! Na ubaya wake ni kwamba hakuna ujumbe wa kosa wowote. Somo linaonekana linafanya kazi vizuri kabisa. Kwa hiyo msimbo mpya upime sekunde halisi zilizopita kati ya mchoro na mchoro:

```
const g = 9.81, L = 1;
let pembe = 0.3, kasi = 0, zamani = null;
const kamba = document.getElementById("kamba");

function hatua(sasa) {
  if (zamani !== null) {
    const dt = Math.min((sasa - zamani) / 1000, 0.05);
    kasi -= (g / L) * Math.sin(pembe) * dt;
    pembe += kasi * dt;
    kamba.setAttribute("transform",
      "rotate(" + pembe * 180 / Math.PI + ")");
  }
  zamani = sasa;
  requestAnimationFrame(hatua);
}
requestAnimationFrame(hatua);
```

Hapo "kamba" ni kundi la SVG lenye uzi na uzito wake, likiwa limechorwa ili sehemu linaponing'inia iwe kwenye nukta sifuri. Ile 0.05 ina sababu. Mwanafunzi akitoka kwenye ukurasa kujibu WhatsApp, kivinjari kinasimamisha uchoraji; akirudi baada ya dakika tatu, bila kizuizi hicho hesabu ingechukua sekunde 180 kwa hatua moja na uzito ungerukia kusikojulikana.

Sasa g na L zimesimama zenyewe, jambo ambalo somo la zamani halikuwa nalo. Unaweza kuweka kitelezi cha kubadilisha urefu wa kamba, na kingine cha kuhamisha jaribio kwenda mwezini, ambako g ni kama 1.62. Kupima kama umepatia, tumia saa ya mkononi: kwa mita 1 ya kamba, mara kumi za kwenda na kurudi zichukue sekunde 20 na kidogo. Pima kwenye kompyuta, kisha upime kwenye simu mbili tofauti. Jibu lisipolingana, somo halijakamilika hata kama linapendeza.

Mengine madogo ya kuhamisha: Flash ya wakati ule ilihesabu mzunguko kwa digrii, SVG nayo hivyo hivyo, lakini kanvasi ya HTML inataka radiani. Uwazi wa kitu ulikuwa kati ya 0 na 100. Kwenye kivinjari ni kati ya 0 na 1. Vitu vya kuburuta vitumie pointerdown na pointermove, zinazosikiliza kidole na mausi kwa pamoja, na kitu chenyewe ukiwekee touch-action: none kwenye CSS (msimbo wa mtindo wa ukurasa), la sivyo mtoto akikiburuta, ukurasa mzima ndio utakaoteleza.

Utauliza kama hakuna mashine ya kubadilisha yote haya kwa kubofya. Adobe Animate, ambayo ndiyo Flash iliyobadilishwa jina mwaka 2016, inaweza kugeuza katuni kuwa kanvasi ya HTML5. Michoro na miondoko inavuka. Msimbo wa ActionScript hauvuki. Inauweka kando kama maelezo na kukuachia uuandike mwenyewe. Kwa katuni isiyo na hesabu inafaa. Kwa masomo yako, ambayo uhai wake wote uko kwenye msimbo, unalipia kazi ambayo SVG na JPEXS wamekufanyia bure.

Kuhusu la kujifunza: HTML, SVG na JavaScript ya kawaida, bila furushi la maktaba (msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine) juu yake. Vijana watakuambia anza na React, moja ya maktaba hizo. Ni chombo kizuri kwa mfumo wa benki. Kwa wimbi linalotembea ni mzigo. Kuna sababu nyingine inayowahusu wanafunzi wako hasa. Masomo haya yatasambaa kwa WhatsApp na Bluetooth, na faili la HTML likifunguliwa kwenye Android kutoka kwenye folda ya vilivyopakuliwa, Chrome mara nyingi haiyaoni mafaili jirani yake. Picha hazionekani, msimbo hauendi. Dawa ni kuweka kila kitu ndani ya faili moja: mtindo, mchoro wa SVG, msimbo, vyote humo humo. Somo la pendulamu kwa namna hiyo halifiki hata kilobaiti 20. Mwanafunzi mmoja akilipokea, darasa zima limelipata, bila bando.

Yale maswali ya kujipima usiyaandikie msimbo kabisa. Tumia H5P, programu huria iliyoanzia Norway, ambayo unachagua aina ya swali, unajaza maswali na majibu, basi. Kuna Lumi inayokuwezesha kutengeneza H5P kwenye kompyuta yako bila intaneti na kuihifadhi kama faili moja la HTML. Jioni mbili zitatosha kuyahamisha yote, na utapata nafasi ya kusahihisha maswali yaliyozeeka.

Kabla hujaandika somo lolote kubwa, pita kwanza PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia. Walipitia njia hii hii unayoipita: majaribio yao yalikuwa ya Java na Flash, wakayaandika upya kwa HTML5 moja baada ya jingine. Kila jaribio linapakuliwa kama faili moja linalofunguka bila intaneti, na baadhi yameshatafsiriwa kwa Kiswahili. Sekondari mnafundisha kwa Kiingereza, najua, lakini mtoto wa kidato cha kwanza akikutana na neno geni na dhana ngeni kwa wakati mmoja, kimoja kitamponyoka.

Kwa mpangilio, ningekuwa wewe ningeanza na mawimbi. Hesabu yake ni sine mbili zinazojumlishwa, mchoro wake ni mstari mmoja, na ni kitu ambacho ubao hauwezi kukionyesha kikitembea. Saketi za umeme usiziguse kabisa. Zinaonekana rahisi kwa sababu ni waya na balbu, lakini ukimruhusu mwanafunzi aunganishe atakavyo, nyuma ya pazia programu lazima itatue milinganyo ya Kirchhoff upya kila anapohamisha waya, na siku atakayounganisha betri bila ukinzani wowote utagawanya kwa sifuri. PhET wana Circuit Construction Kit iliyokwisha kuyamaliza hayo. Ipakue hiyo, uitungie karatasi yako ya maswali, na yale masomo ya saketi ya mwalimu mstaafu uyafungue kwa Ruffle uone aliuliza nini. Maswali yake huenda ni mazuri kuliko michoro yake.